Ripoti inasema eneo la mradi halina mambo ya kale: je, ukaguzi huu unatosha kabla ya ujenzi?

Mratibu_Kaskazini anauliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa.

Nimo katika kamati ya wilaya inayosimamia matayarisho ya mradi mmoja wa umma huku kaskazini ya Pemba, nao ni barabara ya kutoka njia kuu kuelekea pwani, na mwisho wake skuli ya msingi pamoja na nyumba za walimu. Fedha zimeahidiwa lakini hazijatolewa, mstari wa barabara umechorwa katika ramani lakini haujapandwa vigingi, na mikarafuu na minazi ya watu haijahesabiwa kwa ajili ya fidia. Mshauri elekezi ameshaleta rasimu ya tathmini ya athari kwa mazingira, na katika sehemu ya urithi wa utamaduni ameandika sentensi moja tu, kwamba hakuna gofu wala kumbukumbu ya kale iliyoonekana katika eneo la mradi.

Sentensi hiyo hainitulizi. Wakulima wa hapo wananieleza kwamba kila wanapolima muhogo katika kipande kimoja kilichoinuka kidogo, karibu na mibuyu, jembe hutoa vigae vya vyungu, makome mengi, na mara nyengine ushanga, na kwamba udongo wake ni mweusi kuliko wa mashamba ya pembezoni. Mstari wa barabara unapita juu ya kipande hicho hicho. Pia kuna pahala ambapo watu wa kijiji hufukiza ubani, na ripoti haikupataja kabisa.

Nataka kujua kama kamati inaweza kuikubali ripoti ya namna hii, na kama haiwezi, tumtake mshauri afanye nini hasa, katika hatua gani ya mradi, na barua tuipeleke kwa nani. Wapo wenzangu wanaosema kwamba kuwaita watu wa mambo ya kale ni kuufunga mradi kwa mikono yetu wenyewe, na watoto wanaokwenda skuli ya mbali kwa miguu hawawezi kungoja. Hoja hiyo siidharau hata kidogo.

Mtafiti_wa_Vigae anajibu:

Wa alaykum salaam, ndugu Mratibu. Umeuliza katika wakati unaofaa, kwa sababu mstari ambao haujapandwa vigingi husogezwa kwa kalamu, na mstari ambao mikarafuu yake imeshahesabiwa na wenyewe wakatia saini hausogezwi tena isipokuwa kwa ugomvi na gharama. Ukaguzi ufanywe kabla ya uthamini wa fidia. Msingojee mpaka mkandarasi apatikane.

Ama hiyo sentensi ya mshauri, mimi nisingeikubali. Yeye ametafuta magofu na hakuyaona, lakini katika Pemba magofu ya mawe ni sehemu ndogo tu ya makazi ya kale. Ras Mkumbuu, Pujini na Chwaka zinajulikana kwa sababu kuta zake za matumbawe na chokaa zimebaki zimesimama. Uchunguzi wa wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette kaskazini ya kisiwa ulionesha kwamba watu walio wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo, ambazo zikianguka hazibakishi ukuta wowote wa kumsimamisha mpita njia. Mfano ulio karibu nanyi ni Tumbe. Hapo palikuwa na mji mkubwa wa nyumba za udongo kati ya karne ya 7 na ya 10, wenye watu waliofua chuma, waliotengeneza shanga kwa makombe, na walionunua vyombo vilivyokuja kwa majahazi kutoka Ghuba ya Uajemi. Leo mtu anaweza kuupita mji huo wote akidhani amepita katika mashamba. Ulipohamwa, Chwaka iliyo jirani ndiyo iliyokua na kujengwa misikiti ya mawe, na kwa hiyo Chwaka ndiyo iliyoingia katika orodha za majengo ya kuhifadhiwa zamani, wakati Tumbe, iliyo ya kale zaidi, ilihitaji kutafutwa.

Sasa yatazame waliyokueleza wakulima. Udongo mweusi katika sehemu iliyoinuka mara nyingi ni majivu, taka za jikoni na mabaki ya nyumba za vizazi vingi. Makome yakiwa mengi mbali na ufuko, hayakufika hapo kwa miguu yao. Mibuyu huonekana mara kwa mara katika mahame, yaani makazi yaliyohamwa zamani, ya pwani hii, ingawa peke yake si ushahidi. Ushanga na vigae vikiandamana na hayo yote, basi ni dalili nzito, na mshauri aliyelipwa kutafuta alipaswa kuwauliza watu wale wale uliowauliza wewe. Ukipata nafasi, angalia kama baadhi ya vigae vina michoro ya pembetatu iliyochorwa chini ya shingo ya chungu, kwa sababu vyungu vya namna hiyo ni vya takriban karne ya 7 hadi ya 10 katika pwani yote ya Waswahili. Angalia kama kuna kigae chenye mng'aro wa kijani au buluu, ambacho kwa kawaida hutoka Ghuba, na kama kuna kigae kilichochimbika mfereji mwembamba uliolainika, ambacho ndicho walichosagia shanga. Vipande vizito vyeusi vyenye matundu matundu ni mavi ya chuma, yaani taka inayobaki chuma kinapofuliwa. Vipigwe picha pamoja na rula ili ukubwa wake ujulikane, kisha virejeshwe pale pale vilipookotwa, kwa sababu kigae kilichoondolewa pahala pake hupoteza sehemu kubwa ya habari yake.

Kazi ya kumtaka mshauri aifanye si ya ajabu wala si ya miaka. Kwanza asome yaliyokwisha kuandikwa: uchunguzi wa Unguja na Pemba uliofanywa na mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake katika miaka ya 1980, kazi za baada yake, kumbukumbu za idara ya mambo ya kale, ramani na picha za zamani za kutoka angani. Pili autembee mstari wote kwa miguu, yeye na mtu mwenye elimu ya akiolojia, na aandike ametembea mwezi gani na ardhi ilikuwa katika hali gani, kwa kuwa anayepita wakati wa masika katika majani ya kiunoni hana haki ya kusema hakuna kitu, na anayepita baada ya shamba kulimwa ataona mengi. Tatu, achimbe mashimo madogo ya majaribio, yenye upana wa nusu mita hivi, kwa umbali uliopangwa, hasa katika kipande hicho cha mibuyu, ashuke mpaka udongo usio na dalili ya binadamu, na udongo wote upitishwe katika chekeche. Chekeche si anasa. Katika mahame ya Mtambwe Mkuu, hapa hapa Pemba, mwaka 1984 ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha; sarafu zenyewe ni ndogo mno, na jicho lililochoka huzipita.

Kuhusu sheria, kumbukumbu za kale za Zanzibar zinalindwa kwa sheria yetu wenyewe, ambayo asili yake ni ya mwaka 1927, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar ya mwaka 2015 ndiyo inayoongoza tathmini za athari. Nimeona washauri wakinakili katika ripoti zao Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ya Tanzania Bara, ambayo huku haitumiki, na kosa hilo pekee linatosha kukuonesha kwamba sehemu hiyo ilichukuliwa kutoka ripoti nyengine. Barua yenu iende katika idara ya Serikali inayosimamia makumbusho na mambo ya kale, na nakala kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira. Kama fedha zinatoka Benki ya Dunia, someni pia Kiwango chake cha Nane cha Mazingira na Jamii, kilichoanza kutumika Oktoba 2018. Kinauhesabu urithi uwe umetambuliwa kisheria au haujatambuliwa, uwe umeguswa zamani au haujaguswa, na hapo hoja ya kwamba mahala hapo hapamo katika orodha ya Serikali huwa haina nguvu.

Utaratibu wa kutanguliza ukaguzi mbele ya fedha si wetu peke yetu. Marekani wana sheria ya mwaka 1966 inayoitaka taasisi ya serikali kuu izingatie athari kwa urithi wa kihistoria kabla ya kuidhinisha matumizi ya fedha au kutoa leseni. Sheria hiyo haikatazi kujenga. Inataka uamuzi ufanywe na watu wanaojua wanachokiondoa.

Fundi_Barabara anajibu:

Ndugu Mtafiti, nimekusoma kwa makini na nakuheshimu, lakini niseme upande wa sisi tunaojenga. Katika mikataba mingi ya sasa kipo kifungu cha vitu vinavyogunduliwa kwa bahati wakati wa kazi: dereva akiona mifupa, ukuta au vyombo vya kale, kazi husimama pahala hapo, msimamizi hujulishwa, na idara huitwa. Kwa barabara fupi ya shamba, kifungu hicho hakitoshi? Mashimo ya majaribio katika kila mradi mdogo yatafanya vijiji vikose njia, na mkulima wa karafuu asiyeweza kutoa mzigo wake wakati wa mvua naye ana haki yake.

Mtafiti_wa_Vigae anajibu:

Bwana Fundi, kifungu hicho ni cha lazima na sitaki kiondolewe, ila kazi yake ni kushika kilichoponyoka baada ya kutafuta. Hakiwezi kuchukua nafasi ya kutafuta. Wewe unajua kuliko mimi kwamba greda huanza kwa kukwangua tabaka la juu lenye mizizi. Katika mahame ya nyumba za udongo, sakafu ya mwisho iliyokaliwa na watu huenda imo ndani ya tabaka hilo au chini yake kidogo tu, nayo ni udongo ulioshindiliwa usiozidi vidole vichache kwa unene. Ukuta wa matumbawe humsimamisha dereva, lakini sakafu ya udongo haimsimamishi, wala haionekani kutoka katika kiti chake. Wakati anapoona kigae cha kwanza kimegeuzwa na kisu cha greda, nyumba kilimotoka imeshakwenda katika lundo la udongo pembeni mwa njia.

Nakubaliana nawe katika jambo moja, kwamba ukaguzi ulingane na ukubwa wa hatari. Sisemi kila barabara ichimbwe mashimo kutoka mwanzo hadi mwisho. Pahala ambapo mstari unafuata njia ya zamani iliyokwisha kukatwa, kutembea kwa miguu kunaweza kutosha. Pahala ambapo wakulima wameshasema wanatoa vigae na ushanga, kutembea peke yake hakutoshi.

Bibi_wa_Konde anajibu:

Marahaba wanangu. Mimi si mtaalamu, lakini nimefundisha skuli za huku miaka mingi na nimezijua kamati nyingi za miradi, na nimesikitika kuona kwamba mpaka hapa hakuna aliyekitazama kile alichokigusa mwanangu Mratibu mwishoni mwa swali lake, yaani pahala pa ubani. Watu wanaokuja na ramani humuuliza sheha, kiongozi wa shehia, na sheha hujibu kwa heshima na kwa ufupi, hasa mbele ya wageni wenye magari. Mambo ya mizimu wengi huona haya kuyataja, kwa kuwa wapo wanaoyaona hayafai katika dini, na mwenye kwenda huko hataki kuhukumiwa katika mkutano wa hadhara. Kwa hiyo mkutano wa hadhara utatoka na jibu la kwamba hakuna kitu. Atakayetaka kujua akae na wazee mmoja mmoja, na asiwasahau wanawake. Wao ndio wanaokata kuni, wanaochimba udongo wa vyungu, wanaoshuka pwani kwenye mwani na kupanda tena kwa vijia ambavyo havimo katika ramani yoyote, na wao wanajua ni kichaka gani kisichokatwa na kwa nini.

La pili ni makaburi. Makaburi ya zamani ya huku mengi hayajajengewa, yana jiwe moja kichwani na jingine miguuni, na jiwe lenyewe likizama, mgeni hupita juu yake bila ya kujua. Katika kijiji kimoja nilichokuwa nikifundisha, msingi wa jengo la umma ulichimbwa mpaka mifupa ikatoka, na wazee walikuwa wakijua tangu mwanzo kwamba hapo pana makaburi ila hakuna aliyewauliza kwa namna ya kuwapa nafasi ya kusema. Watu hawakulitaka tena jengo lile, na mimi sikuwalaumu. Kaburi lina haki zake katika dini, na suala la kulihamisha si la mhandisi wala si la mtafiti. Aulizwe Mufti, na kama ardhi ni ya wakfu, iulizwe Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kabla ya kitu chochote kuandikwa.

Nakuomba, mwanangu, usikubali ripoti iliyoandikwa bila ya kutaja ni wazee wangapi waliozungumzwa nao, na kama walikuwamo wanawake. Majina yao si lazima yaandikwe.

Mratibu_Kaskazini anajibu:

Shikamoo Bibi, na ahsanteni nyote. Nimerudi kwa wazee kwa namna aliyoieleza Bibi, si mkutanoni, na nimeambiwa kwamba karibu na pahala pa ubani pana makaburi ambayo hata mimi, mzaliwa wa wilaya hii, sikuwa nikiyajua. Mchoraji wa ramani anasema kuuzungusha mstari upande wa juu kutauongeza urefu kidogo, lakini ardhi ya huko ni kavu zaidi na haina bonde la mpunga la kuvukwa, kwa hiyo gharama huenda isizidi.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kama mstari utasogezwa, bado kuna haja ya mashimo ya majaribio? Na katika ripoti mpya, yale mahame yaoneshwe katika ramani itakayobandikwa ofisini kwa sheha na mtandaoni?

Fundi_Barabara anajibu:

Naanza mimi, kwa sababu kuna jambo ambalo sisi wajenzi tunalijua na ripoti nyingi hulisahau. Barabara haili ardhi ya mstari wake tu. Kifusi cha kujazia kinachimbwa pahala pengine, kambi ya mkandarasi na maegesho ya mitambo yanahitaji uwanja uliosafishwa, malori hukata njia zao za mkato, na mitaro ya maji ya mvua hushuka mbali na barabara mpaka bondeni. Mashimo ya kifusi ndiyo yanayokula zaidi, na kwa kawaida huchaguliwa baada ya mkataba kutiwa saini, na mkandarasi mwenyewe, kwa kuangalia wapi udongo ni mzuri na mwenye shamba ni mwepesi wa kukubali. Sehemu iliyoinuka, kavu, karibu na njia, ndiyo anayoipenda mkandarasi, na naona sasa kwamba ndiyo waliyoipenda watu wa kale pia. Mkiuhamisha mstari na msiseme lolote kuhusu kifusi, kipande chenu cha mibuyu kinaweza kuchimbwa na kupakiwa katika malori kikawa tuta la barabara ile ile iliyohamishwa ili kukiokoa.

Kwa hiyo andikeni katika mkataba kwamba hakuna shimo la kifusi, kambi wala njia ya malori itakayofunguliwa bila ya pahala hapo kukaguliwa na kuidhinishwa kwa maandishi, na kipande cha mahame na makaburi kizungushiwe alama kabla mtambo wa kwanza haujashushwa. Muhimu zaidi, gharama ya kusimamisha kazi kikigunduliwa kitu iwekwe wazi, nani anailipa na kwa kiwango gani. Mkandarasi anayejua kwamba siku za kusimama ni hasara yake peke yake atamwambia dereva aendelee, na dereva ni kibarua, hana sauti. Siku hizo zikilipwa, dereva huyo huyo atakuwa wa kwanza kupiga simu.

Ndugu Mtafiti, nimeiacha hoja yangu ya mwanzo katika sehemu hiyo ya mibuyu.

Mtafiti_wa_Vigae anajibu:

Bwana Fundi ameniondolea nusu ya jibu, na ameeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi.

Ndugu Mratibu, ndiyo, mashimo ya majaribio bado yanahitajika, lakini yatakuwa machache na yenye kazi tofauti. Lengo si tena kuyajua mahame yalivyo ndani, lengo ni kuujua mpaka wake, ili muwe na hakika kwamba mstari mpya umeyakwepa kweli na haukatishi ukingo wake. Mahame ya nyumba za udongo huenea zaidi ya pale vigae vinapoonekana juu ya ardhi. Kiwanja cha skuli nacho kikaguliwe kwa namna hiyo hiyo, hasa pale kitakapochimbwa choo na kisima, kwa kuwa huko uchimbaji unakwenda chini zaidi kuliko msingi wa darasa. Ikitokea kwamba sehemu fulani haiwezi kukwepwa kwa vyovyote, basi hapo ndipo uchimbaji wa uokozi unapohusika, unaofanywa na idara au kwa kibali chake, na fedha zake ziwemo katika bajeti ya mradi tangu sasa. Kuzitafuta fedha hizo wakati mitambo imeshasimama uwanjani ni kazi ngumu mno.

Kuhusu ramani, msiyaoneshe mahame hadharani. Habari ya hazina ya Mtambwe Mkuu ingali inawavuta watu wenye majembe ya usiku, na mahame ya nyumba za udongo, ambayo hayana dhahabu ya kumtajirisha mtu, huharibika kwa shimo moja tu la mchimba hazina. Ripoti iwe na kiambatisho cha siri chenye vipimo kamili, kipelekwe idara, Mamlaka ya Mazingira na kwa msimamizi wa ujenzi. Ramani ya kubandikwa kwa sheha ioneshe tu eneo lisilofaa kujengwa, bila ya kueleza sababu. Pahala pa ubani na makaburi waulizwe wenyewe kama wanataka yaoneshwe.

Vigae ambavyo wakulima wameshaviokota na kuviweka majumbani wasinyang'anywe wala wasitishwe, kwa sababu mkulima akitishwa mara moja hatasema tena. Wanaotaka kuvitoa waviandikie shamba vilipotoka, kila shamba mfuko wake, na afisa wa mambo ya kale wa Pemba avipokee kwa stakabadhi.